Kamati ya Kunijulia Hali

Wewe mtoto huna haya. Nasema huna haya, na usininunie huko uliko, maana ukinuna mimi sikuoni, unajichosha mashavu bure. Tangu siku ile uliyokuja na viatu vipya ukasema, "Bibi, narudi wiki ijayo," wiki imezaa wiki, wiki zenyewe zimeolewa na zina wajukuu, na wewe hata kivuli chako hakijapita mlangoni. Simu unapiga, sikatai. Lakini simu ni sauti tu. Sauti hainywi chai, haiachi kikombe kichafu nikapata wa kumgombeza. Ungekuwapo ungejionea mwenyewe vioja vya babu yako. Hukuwapo, basi utasimuliwa kama mgeni. Mama yako mkubwa ndiye anaandika ninavyosema, na nimemwonya asinisafishie maneno.

Ilikuwa hivi: nilikuwa naondoka. Begi langu lilishaingia kwenye buti la gari la mkwe wangu, yule fundi magari, nakwenda kwa mdogo wangu. Si kutembea. Kukaa. Babu yako tangu astaafu ukuu wa mifereji kule manispaa, ofisi aliihamishia sebuleni. Haongei, anatoa maelekezo. Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, mimi na wewe hatuzungumzi tena." Mume mwingine angesema, haya, tuzungumze. Wa kwangu akaunda kamati.

Sikutanii. Mdogo wake, shemeji yangu huyu ambaye jibu lake kwa kila jambo duniani ni "Kabisa!", akafanywa mwenyekiti. Jirani yetu fundi cherehani akafanywa katibu. Mkwe wangu akapewa usafirishaji, sijui wa kusafirisha nini. Na kazi ya kamati ni kunijulia hali mimi. Kila asubuhi fundi cherehani anaacha mashine yake, anakuja mpaka jikoni, anasimama wima kama mlingoti, "Mama, Mkuu anauliza umeamkaje." Na huyo Mkuu yuko nyuma ya ukuta huu huu, namsikia anavyofyonza chai! Nami najibu, "Mwambie nimeamka." Jibu linabebwa, linapelekwa sebuleni, linapokelewa kwa shukrani.

Nikachoka. Nikasema mbele yao wote: naondoka, ila nampa nafasi moja. Aniambie jambo moja tu analolijua kunihusu, la siku hizi, si la wakati ule tunaoana. Jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe, si la kuletewa na kamati. Akilisema, begi linashuka. Akishindwa, mkwe anawasha gari.

Babu yako akaomba udhuru. Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti la ofisini linalonuka kabati. Akaiburuta meza ya kupigia pasi hadi katikati ya sebule, akasimama nyuma yake, akashika rimoti ya televisheni kama maiki, akakohoa. Nikajua tumekwisha.

Mkwe alirekodi kwa simu yake, tukaisikiliza tena na tena. Hii hapa yote kama ilivyomtoka. Ya kwenye mabano ni yetu sisi wananchi.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Kujulia Hali, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mheshimiwa Katibu wa Kamati, fundi cherehani mashuhuri wa mtaa huu na mshonaji wa suruali hii niliyoivaa. Mheshimiwa Mjumbe wa Usafirishaji, mkwe wetu mpendwa, ambaye namwona ameshika funguo za gari mkononi, nami namwomba kwa heshima na taadhima azirudishe mfukoni kwa sasa. Binti yetu mkubwa, msusi wa kutegemewa na mwakilishi wa kizazi cha kati. Na kwa namna ya pekee kabisa, mgeni rasmi wa hafla hii, mlengwa mkuu, mnufaika namba moja na mdau wa muda mrefu wa ndoa hii, yaani mke wangu: itifaki imezingatiwa.

("Kabisa!" akasema shemeji. Mimi nikasema, "Mgeni rasmi ana begi kwenye gari. Fupisha.")

Ofisi inapokea mchango huo na itaufanyia kazi. Ndugu wajumbe, nimesimama mbele yenu alasiri hii nikiwa mwingi wa furaha, unyenyekevu na matumaini, kwa lengo la kutoa taarifa ya utekelezaji wa Mradi wa Kuimarisha Mtiririko wa Hisia katika Ndoa ya Muda Mrefu, mradi ambao ni mtambuka, shirikishi na endelevu, uliobuniwa na ofisi yangu, ukaratibiwa na ofisi yangu, ukatathminiwa na ofisi yangu na kuonekana na ofisi yangu kwamba umefanikiwa kupita matarajio ya ofisi yangu, na ambao kwa kifupi tunauita MKUMTIHI.

(Mama yako mkubwa akauliza, "Baba, hicho ni kifupi au ni ugonjwa?" Vicheko. Shemeji alianza kusema kabisa, akaimeza katikati.)

Utulivu, tafadhali. Kama mnavyofahamu, na kama historia itakavyokuja kuandika pindi itakapopata nafasi, mimi katika utumishi wangu uliotukuka nimezibua mifereji ambayo wahandisi wenye vyeti vya ng'ambo walikwishaikatia tamaa, na ni mimi huyu huyu ambaye wakati wa mafuriko yale makubwa nilisimama katikati ya maji, hadi kiunoni, nikitoa maelekezo kwa saa nyingi bila kujali afya yangu wala viatu vyangu.

("Ulisimama juu ya gari," nikamwambia. "Viatu nilivipaka dawa mimi, vilikuwa vikavu." Makofi marefu, hata mkwe alipiga.)

Ndiyo, juu ya gari, lakini gari lilikuwa kwenye maji. Naendelea. Uzoefu huo mpana, ndugu zangu, ndio ulionipa mwanga kwamba ndoa, ukiitazama kitaalamu, kisayansi na kisistimu, haina tofauti yoyote na mfereji: pana upande wa kuingilia, pana upande wa kutokea, na katikati pana takataka.

("Takataka ni nani?" nikauliza. Mama yako mkubwa akakaa chini sakafuni, kucheka kumemwishia nguvu. Fundi cherehani akaangalia dari.)

Takataka, nafafanua ili vyombo vya habari visije vikaninukuu vibaya, ni changamoto. Wala hakuna aliyetajwa. Ninachosema ni kwamba hisia zisipotiririka hutuama, zikituama huzaa mbu, na ofisi yangu ilipopokea taarifa kutoka kwa mlengwa kwamba, namnukuu, hatuzungumzi tena, haikulala. Tulichukua hatua za haraka, za makusudi na za pamoja. Tuliunda Kamati. Na leo hii natembea kifua mbele kuwaarifu kwamba katika kipindi chote cha utekelezaji mlengwa amejuliwa hali kwa asilimia mia moja, Jumapili zikiwemo. Kwamba majibu yaliyopokelewa ni "nimeamka" kwa asilimia tisini na mbili. Na kwamba asilimia nane iliyobaki ni mlio wa sufuria, ambao wataalamu wetu wameutafsiri kuwa ni ishara ya uchangamfu.

(Sufuria ile nilikuwa nataka kumrushia katibu. Anajua. Alipoisikia inatajwa alijishika kisogo.)

Hatukuishia hapo. Katika kupanua wigo wa ushirikishwaji, ofisi yangu ilibuni, ikatengeneza na kuzindua Sanduku la Maoni, sanduku la kisasa lenye tundu juu na kufuli pembeni, likawekwa jikoni kando ya mkebe wa sukari ili mlengwa awe huru kuandika malalamiko yake bila woga, bila upendeleo na bila kutaja jina. Na nina furaha kutangaza kwamba tangu lizinduliwe hadi ninapozungumza nanyi, Sanduku hilo halijapokea lalamiko hata moja lililoandikwa, jambo ambalo kwa vigezo vyovyote vile ni kuridhika kwa kiwango cha juu kabisa.

(Mama yako mkubwa akapaza sauti, "Baba! Mama hajui kuandika!" Nikasema, "Anajua sijui. Siku ya ndoa yetu ni yeye aliyenishika kidole gumba nikaweka dole." Shemeji akasema polepole, "Kabisa." Nikaongeza kwamba sanduku lile si tupu, nimelitilia maganda ya vitunguu. Funguo za kufuli haijulikani anazo nani. Linanuka hadi leo.)

Hiyo ni, eeh, hiyo ni fidibeki, na fidibeki ya aina yoyote ni mtaji. Maganda yatachambuliwa. Ndugu wajumbe, niruhusuni niguse pia eneo la mafunzo. Ofisi yangu iliandaa warsha elekezi ya kifungua kinywa yenye mada isemayo "Kutazamana kama Nyenzo ya Kujenga Mahusiano", iliyofanyika mezani hapo mnapoweka viwiko, ambapo mtoa mada mkuu nilikuwa mimi, mshiriki alikuwa mlengwa, na maazimio yalipitishwa kwa kauli moja baada ya mshiriki kutoka kwenda kuanika nguo.

("Alizungumza mpaka mkate ukakauka," nikawaambia. "Nikamwacha anatazamana na mkate." Mkwe akacheka hadi funguo zikamponyoka, akaziokota haraka, akakaa vizuri kama mtu aliye kazini.)

Na kwa upande wa udhibiti wa upotevu, ambalo ni eneo nililobobea, tulibaini kuwa kiasi kikubwa cha chai kila asubuhi kilikuwa kikimiminwa, si ndani ya kikombe cha ofisi yangu, bali kando yake, juu ya kitambaa cha meza, na wakati mwingine, nalisema hili bila kinyongo, juu ya mkono wa ofisi yangu. Kamati ilikaa, ikatafakari, ikaridhia kwamba hiyo ni hasira ya mlengwa inayotafuta njia ya kutokea. Je, ofisi yangu ilirusha maneno? Haikurusha. Je, ilinuna? Haikununa. Ofisi yangu ilinunua kitambaa cha meza cha plastiki, chenye maua, kinachofutika kwa urahisi, na upotevu ukadhibitiwa kwa...

(Hapo fundi cherehani akanyoosha mkono. "Mkuu, samahani.")

Katibu, utapewa nafasi kwenye mengineyo.

("Mkuu, kamati haikukaa. Na hilo la chai si hasira.")

Katibu, utaratibu, tafadhali. Hasira ilithibitishwa na...

("Si hasira, Mkuu. Ni jicho." Nikamkata, "We fundi! Tuliapizana!" Akasimama, maskini, futi kamba yake bado inaning'inia shingoni. "Tuliapizana, Mama, lakini begi liko kwenye gari. Mkuu, mama ana jicho moja halioni. Ananiletea sindano nimtungie uzi tangu kabla ya mvua. Wewe ulinituma nimuulize hali, nikamuuliza. Siku zote ananijibu ameamka. Siku moja akanijibu kweli, na jibu hilo akaniambia nisilibebe." Mama yako mkubwa akaniangalia. "Mama? Kwa nini hukusema?" Nikamwambia, "Nilitaka aone mwenyewe. Mtu anakaa nami meza moja kila siku ya Mungu. Nikasema, ataona tu." Hakuna aliyecheka.)

Ndugu wajumbe.

Ndugu wajumbe, kufuatia taarifa hiyo mpya, ambayo kwa mujibu wa taratibu ilipaswa kupitia kwa Mwenyekiti, ofisi yangu inapenda kueleza... ofisi yangu imesikitishwa... inafuatilia kwa karibu. Uchunguzi utafanyika. Jicho hilo litatembelewa. Na kwa kuwa hatuwezi kurudi nyuma, niruhusuni niwasilishe moja kwa moja mapendekezo ya Awamu ya Pili, ambayo yatajumuisha kuanzishwa kwa Dirisha Moja la Huduma za Ndoa, mahali ambapo mlengwa ataweza kusikilizwa, kusifiwa mapishi na kuombwa radhi papo kwa papo bila usumbufu wa kuzunguka nyumba nzima. Kuteuliwa kwa Balozi wa Mahaba, nafasi ambayo Mwenyekiti ameonyesha nia ya kuitumikia...

("Sikuonyesha nia yoyote," akasema shemeji. Mjukuu wangu, katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mtu huyu akikataa kitu.)

...pamoja na ziara ya mafunzo ya Mkuu kwenda jikoni, kwa ajili ya kujifunza jiko liko wapi na linawashwaje, na ujenzi wa... na uimarishaji wa... wa...

("Mkwe," nikasema, "washa gari." Mkwe akainuka, uso umemshuka. "Mzee, nisamehe," akasema, "mimi ni usafirishaji tu." Akaenda mlangoni. Mama yako mkubwa akalia, "Baba, sema jambo moja! Moja tu! Hata la uongo!" Shemeji akasema, "Kaka, weka chini hiyo rimoti." Babu yako akaikaza mkononi. Televisheni ikajiwasha, mwanamke akatangaza sabuni, ikazimwa.)

Naomba... naomba nihitimishe kwa kaulimbiu. Kama ilivyo ada yetu, nikisema "Hisia!", nyote kwa sauti moja mtaitikia "Zitiririke!" Hisia!

(Fundi cherehani akaanza kukunja futi kamba yake.)

Ndoa kongwe! Mfereji safi! Mke kwanza, chai baadaye! Hisia!

(Gari likawaka huko nje. Nikachukua kitenge changu, nikajifunga vizuri, nikaanza kutafuta kiatu changu kimoja chini ya kiti, na kwa kuwa kilikuwa upande ule mbaya sikukiona, kila mtu akiniona ninavyopapasa. Babu yako naye aliona. Nikakipata kwa vidole.)

Basi nishukuru. Kila hotuba ina shukrani. Namshukuru Mwenyekiti kwa kuongoza kamati ambayo haijawahi kukaa kikao. Namshukuru Katibu kwa kuuliza kila asubuhi swali ambalo lilikuwa langu mimi kuliuliza. Namshukuru mkwe, azime gari kidogo nimalize. Na mradi, ndugu zangu, ule mradi niliousifu hapa tangu nianze... haupo. Haukuwahi kuwapo. Hakuna Awamu ya Kwanza, takwimu nimezitunga nikiwa chumbani navaa koti. Mimi nilikuwa naogopa tu.

("Unaogopa nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshasimama, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.)

Nakuogopa wewe, mama watoto. Asubuhi nakaa mezani pale ninapokaa siku zote, pembeni yako. Unakuja, unavuta kiti, unakaa, na mimi nipo hapo, nimekaa, nimekunyamazia nikikusubiri. Hunitazami. Hunisalimii. Kama kiti kitupu. Mpaka nikohoe ndipo unashtuka, unasema "Ah, upo." Nikajiambia, basi, amenichoka. Mtu akikuchoka huwezi kumuuliza umenichoka, anaweza akakujibu. Ndiyo maana nikatuma watu. Nikaona hata wakileta jibu baya, litakuwa limeletwa kwa mkono wa mtu mwingine. Kila siku hivyo. Nakaa, unakaa, hunioni mpaka nikohoe. Hunioni mpaka...

(Akaiweka rimoti juu ya meza ya pasi taratibu, kama kitu cha kuvunjika.)

Mimi hukaa kushoto kwako.

Ni la kushoto.

(Shemeji akafungua mdomo, mama yako mkubwa akamziba kwa kiganja.)

Mwisho wa rekodi ni huo, maana mkwe aliiacha simu mezani alipotoka kuwasha gari, na hapo ikaisha chaji. Mengine nakwambia mimi.

Nilisimama pale na kiatu changu mkononi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, jicho lile zima na lile bovu, yote mawili. Mzee huyu! Alikuwa ameona. Ameona tangu mwanzo, kabla ya fundi, kabla yangu mimi mwenyewe kukubali. Alichokiona hakukijua ni kitu gani, akakiita dharau, akakilaza kifuani, akakilalia. Na mimi nikakaa jikoni namsubiri aone, nimenuna kama mtoto aliyejificha mahali pazuri mno hadi wenzake wakaenda kula. Nikamwuliza, "Miezi yote hii unakohoa makusudi?" Akasema, "Koo linaniuma, mama watoto." Nikamwambia, "Ungeniita jina langu." Akasema, "Niliona kukohoa si rahisi kukataliwa."

Fundi cherehani alijifanya anatafuta pini kwenye zulia.

Begi halikushuka alasiri ile. Nilimwambia babu yako avue lile koti, aingie kwenye gari, tukaenda kwa daktari wa macho kabla hajafunga. Njiani akataka kuteua wajumbe wa kuniongoza ngazi. Nikamkata jicho lile linaloona, akanishika mkono mwenyewe. Daktari, msichana mdogo mwenye ulimi mkali, akasema la kushoto tumelichelewesha, halirudi, tungekuja mapema lingekuwa na la kusema. Babu yako aliposikia hayo alikaa kwenye benchi pale kwenye varanda, akafunika uso kwa mikono miwili, hakutoa maelekezo yoyote. La kulia lipo, litalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Yeye ndiye anayenitia. Tone la kwanza hunidondokea puani. Akimaliza anatangaza, "Zoezi limekamilika." Ananiudhi. Sasa kila siku tunagombana kwa mdomo, uso kwa uso, si kwa kupitia kwa fundi. Juzi amenieleza ndoto yake nzima, ndoto ya kijinga, mifereji imejaa maji yanapanda mlima. Nikamsikiliza hadi mwisho. Nikamweleza na yangu.

Fundi cherehani bado anakuja asubuhi, amezoea chai yetu. Anauliza kwa niaba yake mwenyewe.

Usidhani nakupigia hotuba na mimi. Nakwambia haya kwa sababu nimesikia sauti yako kwenye simu wiki iliyopita, ukisema mume wako hajambo, mmechoka tu, kazi nyingi. Mtu haulizwi mume wako hajambo akajibu kama anasoma notisi ukutani. Mwulize huyo mwenzio kitu. Kibaya, kizuri, muulize wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe naye yuko chumba cha pili. Halafu mje wote wawili, nimwone usoni na hili moja nililobaki nalo.

Na mkija, usikimbilie kile kiti cha kulia kwangu. Kina mwenyewe sasa, amehamia huko na mto wake. Wewe kaa kushoto. Ukishakaa, kohoa. Nitageuza kichwa chote nikuangalie.